Konokono wa Tangini na Mama Aliyekuja Kututembelea

Aliyekulia Unguja haogopi konokono. Wa shambani hula mchicha wa watu, wa pwani huokotwa na kina mama maji yakipwa, na ganda la mkubwa wao mtoto huliweka sikioni asikilize bahari. Ndiyo maana nilipowaambia jamaa wa nyumbani kwamba sisi wa Leicester tumepigana na konokono kwa miezi 6, walicheka mpaka simu ikakatika.

Nimeona niandike hata hivyo. Familia zetu nyingi huku ughaibuni zina tangi la samaki sebuleni kwa ajili ya watoto, na nyingi pia hupokea mzazi kutoka nyumbani kwa viza ya miezi 6. Katika nyumba yetu mambo haya mawili yalikutana, na moja halikuweza kutatuliwa bila jingine.

Tangi ni la mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 12. Ni la lita 200, la maji ya chumvi. Baba yake alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, likaja na pampu, taa, samaki watano na mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe vyake. Mtoto huyu hasahau kupima. Chumvi iwe gramu 35 hivi kwa lita, sawa na bahari ya kawaida. Joto liwe nyuzi 25 au 26. Ana daftari ambalo huandika kila kitu kwa tarehe, kama chati ya mgonjwa. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo daftari hilo hunifurahisha kuliko samaki wenyewe.

Wageni wetu walikuja na mawe. Hawa si konokono wa kutambaa. Ni wa familia inayoitwa Vermetidae kwa jina la kisayansi. Wakiwa wadogo hutafuta mahali, hujigandisha kwenye jiwe, kisha ganda lao hukua likiwa mrija mgumu kama kipande cha tambi, wenye ncha inayokwaruza kidole. Hawahami tena maisha yao yote. Chakula hukipata kwa kutoa nyuzi za ute, nyembamba kama utando wa buibui, zinazoelea majini na kunasa kila chembe inayopita. Baada ya muda humeza utando pamoja na kilichonaswa, kisha hutoa mwingine. Jike huyatunza mayai yake ndani ya mrija, na watoto wakitoka hupata jiwe jirani. Ndiyo sababu huongezeka kimyakimya: leo mirija 5, baada ya miezi michache jiwe zima limeota miiba.

Mrija mmoja au miwili haidhuru. Shida ni wingi. Ute ukitanda juu ya matumbawe, matumbawe hujifunga, hayapati mwanga wala hayajilishi vizuri. Hata baharini madhara haya yamepimwa. Utafiti uliofanyika Moorea, katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba konokono wakubwa wa familia hii wanaweza kupunguza ukuaji wa matumbawe kwa hadi asilimia 81 na uwezekano wa kuishi kwa hadi asilimia 52. Kama wanaweza hivyo katika bahari nzima, seuze katika lita 200.

Mama alifika mwezi wa Oktoba. Ni mtu wa Jambiani, mashariki ya Unguja, na ni miongoni mwa wanawake walioanza kulima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia huko mwaka 1989. Maisha yake yote amefuata maji. Akiamka alfajiri anajua bila kuuliza kama leo ni bamvua au maji mafu, bahari itakupwa saa ngapi na nani atatangulia pwani.

Hapa aliikuta nyumba inayobaki tupu tangu asubuhi. Mimi nina zamu ndefu hospitalini, baba watoto yuko barabarani na gari la mizigo, watoto wako skuli. Novemba ilipofika, saa 10 jioni ilikuwa giza. Kiingereza hakijui, na majirani wa upande wa pili hawajui Kiswahili. Nasi, kama tunavyofanya wengi, tulimwambia kila alipogusa ufagio au sufuria: "Mama, kaa upumzike, umefanya kazi za kutosha." Akakaa. Kiti chake kilikuwa kando ya tangi.

Samaki wa tangini wana tabia moja: wakimzoea mtu anayewalisha, humkimbilia akikaribia kioo. Wakamzoea Mama. Akawapa asubuhi, akawapa baada ya adhuhuri, akawapa alasiri, na usiku kabla ya kulala akawapa kidogo "wasilale na njaa". Kulikuwa na mkebe wa chakula cha dukani, na siku nyingine aliwamwagia unga wa dagaa. Nikirudi kazini alinisimulia yupi mchoyo, yupi mwoga, yupi anamwonea mwenzake. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yake ya siku nzima.

Mwishoni mwa Novemba daftari la mwanangu lilikuwa limebadilika. Naitreti, ambayo ni mabaki ya chakula na kinyesi yaliyokwisha kuvunjwavunjwa na bakteria, ilikuwa imefika miligramu 50 kwa lita. Kwenye jiwe moja alilolichagua la kuhesabia alikuta mirija 63. Matumbawe yake madogo, yale yanayofanana na vifungo vya shati, yalikuwa yamejifunga wiki nzima. Aliniletea ukurasa huo jikoni, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anajua sababu, lakini hataki kuisema mbele ya Bibi.

Baba yake alikuwa na jibu la haraka: dawa ya shaba. Ni kweli kwamba shaba huua konokono. Lakini huua pia kamba, kaa na matumbawe, na huingia ndani ya mawe ikabaki humo. Kisha konokono mia wakifa kwa mpigo, huozea mahali walipo, maji hujaa amonia, na amonia huunguza mashavu ya samaki. Ungekuwa umeua wadudu ukazika nyumba nzima.

Mama aliposikia neno dawa ya konokono aliuliza jambo la maana: "Mwanangu, isije ikawa hawa wanaleta kichocho? Watoto wanatia mikono humo." Nilifurahi kwamba ameuliza, maana huenda na wewe msomaji unajiuliza. Kichocho cha kwetu huenezwa na konokono wa maji yasiyo na chumvi, wa jamii ya Bulinus, wanaokaa kwenye mabwawa na vijito. Hao ndio waliotiliwa dawa katika baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba kuanzia mwaka 2012, pamoja na watu kugawiwa vidonge vya prazikwanteli. Konokono wa tangi la chumvi hawana habari na kichocho.

Hatari iliyopo ni nyingine, na hapa naomba wazazi wasome polepole. Mtu akichoshwa na mirija hufikiria kuyatoa mawe na kuyachemsha au kuyasugua kwa brashi. Usifanye hivyo kama jiwe lina yale matumbawe ya vifungo. Baadhi yao wana sumu kali iitwayo palitoksini. Inaweza kuingia mwilini kwa mvuke, kwa matone au kwa mchubuko wa ngozi, na huleta homa, maumivu ya misuli, shida ya kupumua na madhara ya macho. Haina dawa maalumu ya kuizimua. Mgonjwa husaidiwa tu mwili upambane. Hapa Uingereza mwaka 2018, katika mkoa wa Oxfordshire, familia moja ilifikishwa hospitali kwa sumu hiyo baada ya kusafisha tangi lao. Nasema haya nikiwa muuguzi kabla ya kuwa mama wa mwenye tangi.

Kazini tuna wagonjwa wanaopata vidonda vya kulala. Kidonda hicho unaweza kukisafisha kila siku na kukifunga kwa bandeji nzuri kuliko zote. Usipomgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache ili mgandamizo uondoke, hakitapona. Na konokono hawa ni vivyo hivyo. Idadi yao ni hesabu ya chakula kinachoelea. Unaweza kuwang'oa leo, na mwezi ujao ukakuta wengine, kama maji yamejaa chembe. La kwanza ni kupunguza chakula.

Kusema hivyo kwenye karatasi ni rahisi. Nyumbani kwetu "punguza chakula" ilikuwa na maana ya kumwambia mama yangu, mtu mzima aliyevuka bahari kuja kuwaona wajukuu, aweke mkebe chini. Baba watoto alishauri tuufiche mkebe juu ya kabati. Nilikataa. Mzazi hafichwi kitu kama mtoto. Na angejua, Mama hajapata kufichwa kitu akakikosa.

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, nilizima taa za sebuleni nikamwita aje na miwani yake. Nikampa tochi na kioo cha kukuzia, nikadondosha matone machache ya maji ya chakula karibu na jiwe. Tukangoja. Baada ya dakika chache nyuzi zilianza kutoka kwenye midomo ya mirija, zikatanda, zikang'aa kwenye mwanga.

"Kumbe huyu mvuvi," Mama alisema. "Ametega jarife."

Aliangalia muda mrefu. Aliona mmoja akiurudisha utando wake ndani taratibu, akacheka kwamba anakula samaki na nyavu zake. Kisha akanyamaza.

"Anavua nini humu, na hamna bahari?"

Sikumjibu. Aligeuza tochi kwenye mkebe uliokuwa juu ya meza, akairudisha kwenye jiwe.

"Anavua ninachomwaga mimi."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Samaki wanashiba mara moja kwa siku. Kinachobaki ndicho wanachokula hawa."

Alikaa kwenye kiti chake. Nilidhani atakasirika, na ningependelea hivyo kuliko alilolisema: "Haya. Lakini nyumba nzima hii mchana kutwa, hawa ndio wanaonijia nikikaribia."

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote tuliusikia usemi huo kama onyo kwa mgeni asikae bure. Usiku ule niliusikia kwa upande wa mgeni mwenyewe. Mtu asiyepewa jembe anajua kwamba bado ni mgeni. Mama alikuwa na siku zaidi ya 40 katika nyumba yangu, na jembe alilojipatia ni ule mkebe; nami ndio nilikuwa namwambia auweke chini.

Asubuhi yake nilikuwa sina zamu. Nilikuwa bado natafuta maneno alipotoka chumbani, amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda shamba la mwani, akamwuliza mjukuu wake: "Mume wangu, kile kibano chako kiko wapi?"

Tangu siku hiyo kazi iligawanywa, na nitaieleza jinsi ilivyokuwa kwa anayetaka kuifuata.

Kulisha kulibaki mkononi mwa Mama, lakini mara moja, jioni. Pampu huzimwa dakika 5 ili chakula kisipeperushwe mawemawe. Chakula cha barafu huyeyushwa kwanza, husuuzwa kwenye chujio la chai, maji yake ya uvumbi humwagwa, na hutiwa kiasi ambacho samaki hukimaliza kwa dakika 2. Unga wa dagaa ulirudi jikoni. Kila Jumamosi maji sehemu moja ya kumi hubadilishwa, na taka za chini hunyonywa kwa mpira. Matumbawe hayakufa njaa: ndani ya miili yao mna viumbe vidogo vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa taa.

Mirija ilishughulikiwa baada ya watoto kurudi skuli, mirija 10 kwa siku, isizidi, ili kinachokufa kisichafue maji. Mawe yasiyo na matumbawe yalihamishiwa kwenye beseni lenye maji ya tangi lenyewe. Mama alivaa glavu nilizomnunulia na miwani ya kukinga macho, maana vipande vya mrija hukata kama kigae. Alivunja mrija kwa plaizi ndogo mpaka shinani, mjukuu akanyonya vipande kwa mpira, kisha tundu likazibwa kwa tone la supaglu ya jeli. Gundi hiyo hushika hata kwenye maji, na ndiyo wafugaji huitumia kubandikia matumbawe. Konokono aliyezibiwa mdomo hawezi kutega tena. Mawe yenye matumbawe ya vifungo hayakuguswa kabisa.

Mikono iliyofunga mwani kwenye kamba kwa miaka zaidi ya 30 haina haraka. Mimi nilijaribu mara moja nikavunja jiwe badala ya mrija, Mama akanipokonya plaizi bila maneno.

Wiki 3 za mwanzo hakukuwa na mabadiliko ya kuonekana. Mirija mingine ilichipuka pale ilipoondolewa. Baba watoto akaitaja tena shaba. Mama alimjibu kwa adabu ya mkwe kwamba hata mwani huchukua wiki 6 kukomaa, na mkulima anayeung'oa wiki ya tatu kuutazama hana akili. Hakurudia tena.

Katikati ya Januari jiwe la kuhesabia lilikuwa na mirija 31. Naitreti ilikuwa 20. Siku moja nilitoka zamu ya usiku nikakuta vile vifungo vimefunguka vyote, kijani na zambarau, na Mama na mjukuu wake wamekaa mbele ya kioo kama watu wanaoangalia mpira. Walikuwa wanazungumza. Hilo ndilo lililonifanya nisimame mlangoni na koti langu. Mwanangu Kiswahili alikielewa, lakini siku zote alijibu kwa Kiingereza, na mimi kwa uchovu wa zamu nilikuwa namkubalia. Bibi yake hakuwa na Kiingereza cha kumkubalia. Mwisho wa baridi alikuwa anasema kupwa na kujaa, bamvua, jarife, shina la mrija, na "subiri Bibi, bado hajatoa utando". Makosa yamo, lakini anajibu.

Mama aliondoka mwanzoni mwa Aprili. Hesabu ya mwisho ilikuwa mirija 8, naitreti 10. Haikufika sifuri, nami sitarajii ifike. Mayai yamo ndani ya mawe mahali kibano hakifiki. Wafugaji wengine huongeza konokono wadogo wenye mistari myeusi na njano wanaowinda wenzao, lakini hao hula pia minyoo na konokono wenye faida, na sisi hatukuona haja. Mirija 8 matumbawe yanaivumilia. Mtoto huhesabu kila Jumapili, na ikizidi 15 anatoa plaizi.

Kwa mwenye tangi, basi: usiulize kwanza dawa gani huua konokono, uliza wanakula nini na nani anakileta. Jiwe jipya liangalie kwa tochi kabla halijaingia. Usichemshe wala usisugue mawe yenye matumbawe. Ondoa wachache kila siku, na andika hesabu, kwa sababu macho husahau. Kwa anayengoja mzazi kutoka nyumbani, tafuta kabla hajafika kazi ambayo nyumba itaihitaji kweli, si ya kumpotezea wakati, na umpe.

Siku ya safari, mabegi yakiwa mlangoni, Mama alirudi sebuleni. Kijiko kidogo cha chumvi alichokuwa akipimia chakula alikifunga kwa uzi kwenye mkebe, fundo lilelile la kamba ya mwani. Akamwita mjukuu wake, akamwonyesha.

"Kimoja," alimwambia. "Hata wakikuangalia vipi."